Jamii ya kimataifa: maswali yanayorudi kila msimu wa mitihani

Kila mwaka wanafunzi wa uhusiano wa kimataifa wakirudi likizo hapa Tanga huja kukaa nami jioni pale Raskazone, na maswali huwa yale yale. Safari hii nimeyaandika. Kila jibu linajitegemea. Jambo lililokwisha kuelezwa kwingine nimeelekeza kwa namba tu. Aliye mgeni kabisa wa somo hili aanze na swali la 1 na la 4, mengine yatamfuata.

## Maneno kwanza

1. "Jamii ya kimataifa" na "jumuiya ya kimataifa" si kitu kimoja?

Kwenye taarifa ya habari ni kitu kimoja. Mtangazaji akisema jumuiya ya kimataifa imelaani mapinduzi, ana maana kwamba nchi kadhaa, aghalabu zile zenye nguvu, zimetoa tamko, na huenda Umoja wa Mataifa nao umetoa lake.

Kwenye nadharia, jamii ya kimataifa ni dai mahsusi. Linasema hivi: madola huru, yakijua kwamba yana maslahi na maadili fulani ya pamoja, hujiona yamefungwa na kanuni zile zile na hushirikiana kuziendesha taratibu zinazozilinda kanuni hizo. Hayalazimiki kupendana. Yanaweza hata kupigana, yakabaki ndani ya jamii hiyo hiyo.

Wapo wanaopenda kusema "jamii ya madola", na kwa haki ya Mungu lingekuwa neno sahihi zaidi, maana wanajamii wenyewe ni madola, si mataifa. Tatizo ni kwamba ulimi ukiteleza kidogo ukasema "Jumuiya ya Madola", umeshahamia kwenye chama cha Uingereza na yaliyokuwa makoloni yake. Nimesahihisha karatasi nyingi zilizopotelea hapo.

2. Mkondo wa Kiingereza ni nini, na ni wa Waingereza kweli?

Hauhusiani na shule zinazofundisha kwa Kiingereza. Kuna kijana aliyewahi kuniuliza ada yake ni kiasi gani, na mpaka leo sijui kama alikuwa akinitania.

Ni kundi la wanazuoni walioanza kukutana Uingereza mwaka 1959, wakiwemo Herbert Butterfield na Martin Wight, kuijadili nadharia ya siasa za kimataifa. Jina walipewa baadaye, mwaka 1981, na mkosoaji wao Roy Jones, aliyekuwa akipendekeza mkondo wenyewe ufungwe. Haukufungwa, na jina likaganda. Uingereza wao una mashaka: Hedley Bull, ambaye kitabu chake cha mwaka 1977 ndicho kila mwanafunzi hukutana nacho kwanza, alikuwa Mwaustralia. Charles Manning, aliyekuwa akilifundisha wazo la jamii ya kimataifa London kabla ya wote hao, alizaliwa Afrika Kusini, na mwaka 1964 alichapisha makala ya kuutetea ubaguzi wa rangi wa huko kwao. Sisemi hivyo ili muache kuwasoma. Nasema ili mkifika swali la 9 msishangae kwa nini wazo zuri kuhusu kanuni za pamoja lilichelewa kuuliza nani alizitunga.

3. Kwa nini tafsiri nyingi husema madola yanaishi katika "vurugu"?

Kwa uvivu wa watafsiri. Neno la Kigiriki lililo chini ya istilahi hiyo (kwa Kiingereza, anarchy) maana yake ni kukosa mtawala, basi. Kijiji kinaweza kukaa bila mwenyekiti miezi sita, na watu wakazikana, wakaozana na wakauziana samaki kama kawaida. Mimi husema "hali ya kukosa mtawala wa juu". Ni maneno mengi, lakini hayadanganyi.

## Wazo lenyewe

4. Jamii itakuwepoje bila mtawala wa kuisimamia?

Hili ndilo swali kubwa, na sisi wa pwani tuna jibu ambalo Bull (tazama swali la 2) hakuwa nalo: utani.

Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Mmoja akifiwa, mwenzake anaweza kufika makaburini akaingia kaburini na kulala humo, akakataa maiti isishushwe mpaka apewe chochote. Wafiwa hawapigani naye. Wanacheka huku wana machozi, wanatoa, mambo yanaendelea. Mtani huyo huyo ana wajibu wa kusaidia mazishi. Hakuna mahakama iliyoitunga sheria hiyo, wala polisi wa kuisimamia. Wazee wengi hulieleza chimbuko lake kwa vita vya zamani vilivyoishia kwenye maelewano, au kwa safari za misafara iliyokuwa ikitoka bara kushuka Bagamoyo. Waliokuwa maadui, au wapitanjia wasiojuana, walijitengenezea kanuni ya kutukanana bila kuuana.

Ichukueni na hongo ya njiani. Msafara ulipopita kwenye nchi ya mtemi, ulitoa nguo na shanga. Mara nyingine walipigana, lakini mara nyingi zaidi walipatana bei. Aliyetoza pasipo kiasi aliona misafara ikibadili njia.

Bull anasema kila jamii, iwe na serikali au isiwe nayo, huhitaji mambo matatu ili isimame: ukatili uwe na mipaka, ahadi zishikwe, na vilivyo vya mtu visinyang'anywe kila asubuhi. Utani unakidhi la kwanza, hongo inagusa la pili na la tatu. Madola nayo yana vyake, tazama swali la 6. Mfano huu una kikomo: watani wakivuka mpaka, wazee wapo wa kuwaita. Madola hayana wazee, ingawa yapo matano yaliyojipa viti vya kudumu pale Baraza la Usalama na kujiona ndiyo wazee.

5. Mfumo, jamii, jamii ya ulimwengu: tofauti iko wapi?

Mfumo ni pale madola yanapogusana kiasi kwamba kila moja linapopanga jambo linamtia mwenzake kwenye hesabu. Wachezaji wawili wa bao wasiosalimiana wako kwenye mfumo. Wakikubaliana kwamba kete iliyoachiwa hairudishwi, wameingia kwenye jamii.

Jamii ya ulimwengu ni jambo jingine: wanachama wake ni watu na vyama vyao, si madola. Tuna mfano mlangoni. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, kilomita 1,443, limesimama juu ya mkataba wa mwaka 2017 kati ya serikali za Tanzania na Uganda. Hiyo ni jamii ya kimataifa ikifanya kazi. Mashirika ya kiraia yaliyolipinga bomba hilo mbele ya Mahakama ya Afrika Mashariki yalikuwa yakisema kwa sauti ya jamii ya ulimwengu. Mpaka kati ya hizo mbili hauko wazi siku zote, na watahiniwa hupenda kuuchora kwa rula.

6. Taasisi tano za jamii ya kimataifa ni zipi?

Kwa Bull: mizani ya nguvu (madola kuzuiana ili lisitokee moja la kuyatawala mengine), sheria ya kimataifa, diplomasia, vita, na madola makubwa. Taasisi hapa si jengo lenye bendera. Ni mazoea yaliyokomaa, kama ndoa ilivyo taasisi. Umoja wa Mataifa kwa hesabu hii ni chombo tu kinachotumiwa na taasisi hizo. Barry Buzan na wengine baadaye wameiongeza na kuipangua orodha hii, lakini kwa mtihani hizi tano zinatosha.

7. Vita vinawezaje kuwa taasisi? Si ndivyo vinavyovunja kila kitu?

Nyanyukeni tu, mtazame bahari mliyoipa mgongo.

Agosti 1914 vita vilipoanza Ulaya, jeshi la majini la Uingereza lilifikia makubaliano na Wajerumani kwamba bandari za Dar es Salaam na Tanga zisishambuliwe, nazo zisitumike kivita. Tarehe 2 Novemba manowari Fox ikatia nanga hapa. Nahodha wake, Caulfeild, hakufyatua mzinga. Alitoa kwanza taarifa kwamba makubaliano yale yametenguka, akataka mji ujisalimishe, tena akauliza kama bandari imetegwa mabomu! Ofisa wa Kijerumani, Auracher, akaomba muda wa kuwasiliana na wakubwa wake. Wakati adabu hizo zikiendelea, Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, alikuwa akishusha askari wake kwa reli kutoka upande wa Moshi. Waingereza walileta jeshi la watu wapatao 8,000 kutoka India. Walinzi wa mji walikuwa kama 1,000. Kufikia tarehe 5 Waingereza walikuwa wamesharudi melini. Mambo ya majeruhi wao yalizungumzwa chini ya bendera nyeupe.

Hiyo ndiyo maana ya vita kuwa taasisi: vina mlango wa kuingilia, vina taarifa, vina bendera nyeupe, na anayeziruka kanuni hujua kwamba ameziruka. Wanafunzi hucheka wakisema Caulfeild alikuwa mjinga. Labda. Lakini angepiga mizinga usiku bila neno, tusingemwita mwerevu. Tungemwita mhalifu, na hukumu hiyo tusingeweza kuitoa kama kanuni zisingekuwepo.

Sasa geuzeni karatasi. Adabu hizo zilikuwa za maofisa wa Kizungu wao kwa wao. Wapagazi waliobebeshwa mizigo ya vita ile, ambao jina la kikosi chao limebaki kwenye Kariakoo ya Dar es Salaam, walikufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa na maradhi. Hakuna nahodha aliyewatolea taarifa.

## Pwani yetu: ndani au nje?

8. Mwaka 1884 pwani hii ilikuwa ndani ya jamii ya kimataifa?

Mguu mmoja ndani, mmoja nje. Sultani wa Zanzibar, ambaye bendera yake ilipepea Tanga, Pangani na Bagamoyo, alikuwa na mikataba na Marekani tangu 1833, Uingereza tangu 1839 na Ufaransa tangu 1844. Mabalozi wadogo wa nchi hizo walikaa mjini kwake. Mtu wa kuwekeana mikataba naye ni mwanajamii, au ndivyo Sayyid Barghash alivyoamini.

Mwishoni mwa 1884 Mjerumani Carl Peters akapita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami akikusanya misalaba kwenye karatasi alizoziita mikataba. Mkutano wa Berlin, ambao Barghash hakualikwa, ulifungwa tarehe 26 Februari 1885. Kesho yake Kaisari akaipa kampuni ya Peters hati ya ulinzi. Barghash alipolalamika, Agosti manowari za Kijerumani zikasimama mbele ya kasri lake. Kisha Uingereza, Ujerumani na Ufaransa zikaunda tume ya kupima nchi yake ni kubwa kiasi gani, na Novemba 1886 Waingereza na Wajerumani wakamwachia ukanda wa pwani wa maili kumi. Mwaka 1888 Sultani Khalifa akaukodisha ukanda huo kwa kampuni ya Wajerumani. Mwaka 1890 ukauzwa moja kwa moja kwa mark milioni 4.

Angalieni kwamba kila hatua ilikuwa na karatasi. Hawakunyang'anya kienyeji. Walitumia diplomasia, sheria na mizani ya nguvu, yaani taasisi tatu kati ya zile tano za swali la 6, kumtoa nje mtu aliyekuwa mlangoni. Ndiyo maana mimi siwaelewi wanaofundisha jamii ya kimataifa kama hadithi ya amani tu.

Watu wa pwani hawakusaini. Agosti 1888 kampuni ilipopandisha bendera yake Pangani, Abushiri bin Salim na, huko Saadani, Bwana Heri walisimama. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Kwenye vitabu vya nadharia hayumo, kwa kuwa hakuwa dola.

9. "Kipimo cha ustaarabu" ni nini?

Katika karne ya 19 madola ya Ulaya yaligawa dunia kwa mtihani: nchi yenye sheria zilizoandikwa, mahakama wanazoziamini wao, usalama kwa mali za wageni na desturi wanazoziona za kiungwana ilihesabiwa sawa nao. Iliyofeli iliwekewa mikataba isiyo sawa, kama ile iliyowapa wageni haki ya kushtakiwa kwa balozi wao badala ya kadhi, au ilimezwa kabisa. Gerrit Gong alilichambua jambo hili mwaka 1984, na tangu hapo Mkondo wa Kiingereza hauwezi kulikwepa.

Msomaji wa Kiswahili hapa asijifanye hana makuu. Neno letu wenyewe, ustaarabu, asili yake ni kuwa kama Mwarabu. Waungwana wa pwani walikuwa na kipimo chao: ukivaa kanzu, ukijua chuo na ukikaa mjini u muungwana, wa bara, mshenzi. Kisha ikaja karatasi ya Berlin, na muungwana wa Pangani akajikuta kwenye safu moja na wale aliokuwa akiwaita washenzi.

Kipimo hakikufa upesi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Tanganyika iliwekwa chini ya Uingereza kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa, kwa hoja kwamba watu wake hawajaweza kusimama wenyewe. Lakini mfumo huo uliacha tundu: chini ya Umoja wa Mataifa, wananchi waliweza kwenda kulalamika kwenye Baraza la Udhamini. Machi 1955 Nyerere alipita tundu hilo hilo akasema New York.

## Baada ya uhuru

10. Tanganyika ilipojiunga mwaka 1961, ilikubali kanuni zote kama zilivyo?

Hapana, na hili watahiniwa wengi hawalijui. Swali lilikuwa: mikataba ambayo Uingereza ilisaini kwa niaba yetu inatufunga? Nyerere hakusema ndiyo yote wala hapana yote. Alitangaza kwamba mikataba ya nchi mbili mbili itaendelea kwa miaka miwili, ipitiwe mmoja mmoja. Ule ambao hautathibitishwa au kurekebishwa kwa muda huo utahesabiwa umekufa, isipokuwa pale kanuni za mila ya kimataifa zinapoushikilia. Nchi kadhaa za Afrika ziliiga. Wanasheria wanaiita Kanuni ya Nyerere. Mwenye nyumba mpya hakubomoa ukuta; alipita chumba kwa chumba na taa.

11. Kwa nini basi Afrika iliikubali mipaka ya wakoloni?

Julai 1964, Cairo, wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikubaliana kuheshimu mipaka iliyokuwepo siku ya uhuru. Hoja ilikuwa ya woga wa haki: ukifungua mmoja, unafungua yote.

Gharama yake iko Horohoro. Mstari wa 1886 ulianzia mlango wa mto Umba kuelekea ziwa Jipe, na uliwapita Wadigo katikati. Wengine leo wako Mkinga, Tanzania, wengine Kwale, Kenya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mpaka ulifungwa, ukaja kufunguliwa 1983. Miaka yote hiyo watu waliendelea kuozeshana na kuzikana kwa njia za porini, na karafuu na sukari nazo zilizijua njia hizo. Madola yalikuwa yamenuniana kwa mujibu wa kanuni, wakwe hawakununiana.

12. Wanaposema "wingi" na "mshikamano", wanabishania nini?

Watu wa wingi husema jamii ya kimataifa ipo ili madola yenye imani tofauti yaishi bila kuingiliana, utaratibu kwanza. Watu wa mshikamano husema jamii isiyomgusa muuaji kwa kuwa yuko ndani ya mipaka yake haistahili jina hilo. Haki za watu kwanza. Bull mwenyewe aliyumba kati ya pande hizo mbili.

Kesi yetu ni Uganda. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera. Tanzania iliyarudisha, kisha ikasonga, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Ajabu ni kwamba Nyerere hakudai kuwa aliingia kuwaokoa Waganda. Alishikilia kwamba Tanzania ilijitetea, na kwamba Waganda walikuwa na vita vyao dhidi ya dikteta wao. Alichagua lugha ya wingi kwa tendo ambalo matokeo yake yalikuwa ya mshikamano, kwa kuwa lugha hiyo ndiyo jamii ya wakati ule ilikuwa tayari kuisikia. Hata hivyo, kwenye mkutano wa Monrovia Julai 1979 baadhi ya viongozi wa Afrika walimlaumu. Mwaka 2000 Sheria ya Kuanzisha Umoja wa Afrika iliupa Umoja haki ya kuingilia kati kwenye mauaji ya halaiki, uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya ubinadamu. Amin alikuwa bado hai, Jeddah.

13. Si bora tuseme wazi kwamba wenye nguvu hufanya wapendavyo?

Wanauhalisia husema hivyo, na swali la 8 linawapa ushahidi mzuri. Lakini wakieleza ya mwaka 1965 watapata kazi. Ujerumani Magharibi ilikata msaada wa kijeshi kwa sababu Tanzania iliruhusu ubalozi mdogo wa Ujerumani Mashariki; Nyerere akawaambia wachukue na misaada mingine. Desemba mwaka huo huo akavunja uhusiano na Uingereza kuhusu Rhodesia (Zimbabwe ya leo), akapoteza mkopo wa pauni milioni 7.5, kwa kuwa nchi za Afrika zilikubaliana hivyo na nyingi hazikutekeleza. Hesabu ya nguvu peke yake haimfikishi mtu hapo. Ahadi humfikisha.

## Maswali ya pembeni

14. Nani anayeamua kwamba fulani ni mwanajamii?

Waliokwishaingia. Somaliland ilijitangazia uhuru mwaka 1991, ina sarafu, ina chaguzi, na haina kiti Umoja wa Mataifa. Biafra, iliyojitenga na Nigeria, ilitambuliwa na Tanzania Aprili 1968, kisha na nchi chache nyingine, haikutosha. Kutambuliwa hakupimwi kwa mita.

15. Na Zanzibar je?

Nilijua mtafika huko. Iliingia Umoja wa Mataifa Desemba 1963, na tangu Muungano wa 26 Aprili 1964 viti viwili vikawa kimoja bila mtu kufukuzwa, jambo adimu. Ilijiunga na Jumuiya ya nchi za Kiislamu, ikajitoa mwaka 1993 baada ya mjadala mkali kuhusu nani mwenye mamlaka ya mambo ya nje.

Mpira una kesi yake. Machi 2017 shirikisho la soka la Afrika liliipokea Zanzibar kuwa mwanachama kamili. Julai likaiondoa, kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Uingereza, yenye vyama vinne ndani ya FIFA, haikuulizwa.